Nilivyokwenda Ngome kwa Viatu vya Watu

Walisema sitafika Ngome. Walisema waziwazi, mbele yangu na mbele ya mama, kama watu wanavyosema juu ya mbuzi mwenye mguu mbovu kwamba hatafika mnadani. Kaka Damasi, aliyekuwa akibeba mizigo ya abiria pale stesheni ya reli, alisema nitafika Ngome siku Ngome yenyewe itakapochoka kunisubiri na kunifuata nyumbani. Bibi Tekla wa kwaya alisema mtoto huyu akiletewa maji ya kunawa anaanza kutetemeka, sembuse mto. Na Mzee Nkwabi, Msukuma aliyehamia kijijini kwetu na ng'ombe wake miaka michache kabla, alicheka mpaka akakohoa.

"Mndamba, mtu wa mtoni, anaogopa maji!" alisema akijifuta macho. "Hata ndama wangu wa juzi anaogelea."

Nawaambieni haya kwa sababu ya harufu. Juzi nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Ifakara nikipiga viatu rangi. Ni baraza langu mwenyewe, la nyumba niliyoichora mwenyewe na kuisimamia tangu msingi mpaka bati la mwisho, na wapita njia bado wanapunguza mwendo kuitazama. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha usiku. Upepo ukaleta harufu ya tope la mto, ikachanganyika na harufu ya rangi ya viatu, nami nikabaki na brashi mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Nikawa mtoto wa darasa la tano.

Niseme kwanza kwamba mimi ni mtu mwenye stashahada ya ujenzi. Ipo sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, na ukifika kwangu huwezi kuikosa maana nimeitundika mkabala na mlango. Nimejenga Dar es Salaam, nimejenga Mbeya, na hakuna ukuta nilioupitisha mimi ambao umewahi kupata ufa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Sioni ubaya kujisifu kwa kitu nilichokitolea jasho. Lakini kila ninapojisifu sana, namkumbuka mtoto yule aliyekuwa akiogea kwenye beseni nyuma ya nyumba wakati wenzake wanapiga mbizi mtoni, na ninacheka peke yangu.

Sisi hatukuwa na bahari. Tulikuwa na masika. Mvua zikikolea, bonde lote lilifunikwa na maji, ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Katikati ya maji hayo palibaki kisiwa kimoja, na juu ya kisiwa hicho jengo la mawe lenye ukuta mnene na mnara uliomeguka upande mmoja. Ndiyo tuliyoiita Ngome. Wengine walisema ilijengwa na Wajerumani, wengine walisema Wajerumani waliikuta. Bibi Tekla alishikilia kwamba waliojenga walikuwa watu wenye miguu mirefu kupita kiasi, ndiyo maana vidato vya ngazi zake vimepanda vile.

Kiangazi, maji yakirudi nyuma, kisiwa kile hakikuwa kisiwa sana. Ulitembea ufukweni mwa mto juu ya mchanga mweupe, ukavuka mkono mmoja wa maji uliokufika kwenye vifundo vya miguu, ukawa umefika. Ilikuwa safari fupi. Mama akiinjika wali wakati unaondoka nyumbani, utakuwa umegusa ukuta wa Ngome kabla maji hayajakauka sufuriani. Watoto wote wa kijiji walikwenda na kurudi, kutafuta mayai ya kanga na kupiga kelele ndani ya mnara ili wasikie sauti zao zikirudi. Wote isipokuwa mimi. Nilipokuwa mdogo mtumbwi wa mjomba ulipinduka nami ndani yake, nikaunywa mto mpaka tumbo likajaa. Tangu siku hiyo mto na mimi tulisalimiana kwa mbali.

Kisha akaja Mwalimu Ndosi. Alikuwa kijana kutoka kule miteremko ya Kilimanjaro, alivaa shati lililopigwa pasi hata siku za kazi ya bustani, naye alipenda somo la historia kama wengine wanavyopenda mpira. Alipoiona Ngome mara ya kwanza alisimama katikati ya njia. Halafu akatuambia darasani kwamba watu wanatoka nchi za mbali kwenda pwani kuangalia magofu kama yale, na sisi tunayo hapa tunafukuzia kanga. Akatangaza safari ya masomo kwa darasa zima. Tutatembea mpaka Ngome, tutapima kuta zake kwa kamba, na mwanafunzi mmoja atasimama juu ya ukuta na kuwasomea wenzake tuliyoyaandika. Mwanafunzi huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa katika historia hakuna aliyenifikia. Hilo hata Otmari, aliyekaa nami dawati moja na kunidhihaki kila siku, alilikubali.

"Utasoma kutokea ukingoni," Otmari alisema. "Sisi tutakuwa ng'ambo tunakusikiliza."

Mwalimu akaongeza neno moja lililozua kazi kijiji kizima. Alisema kila mtoto aje nadhifu, na viatu. Yeye alimaanisha tu tusije na nguo za kuchungia. Wazazi wetu walisikia arusi. Wiki ile ungedhani tunakwenda Dar es Salaam kwa treni: watu waliazimana mikanda, soksi, mikoba, na kuna mtoto alikuja na mwavuli wa padri. Hivi ndivyo tulivyoishi. Mtu hakusafiri na vitu vyake peke yake. Alivishwa na majirani, na alipopita njiani kila jirani aliona kipande chake kikienda.

Mama hakuwa na cha kunivisha. Baba alikuwa Uchindile, kwenye mashamba ya miti, na alikuwa anaishi huko na mtu mwingine, jambo ambalo watu wazima walilizungumza kwa nyusi tu. Mwaka uliotangulia mafuriko yalikuwa yamesomba mpunga wetu wote, na mbegu hazikubaki. Sasa naomba mnielewe vizuri hapa. Msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia. Mbegu mama alikuwa anazitegemea kwa Bibi Tekla, ambaye ghala lake halikuwahi kukaa tupu. Shamba alilitegemea kwa Damasi, aliyekuwa na kipande mahali pa juu kidogo ambapo mafuriko hayakufika. Na jembe la ng'ombe alilitegemea kwa Mzee Nkwabi. Alikuwa bado hajawaomba. Alikuwa anangoja siku nzuri. Na ni kwa watu hao hao watatu, walionicheka kila mmoja kwa zamu yake, alikokwenda kuniazimia nguo za safari.

Damasi alitoa viatu vyake vya Jumapili, vyeusi, vya ngozi, ambavyo yeye mwenyewe alivivaa kama mtu anayekanyaga mayai. Vilikuwa vikubwa, mama akajaza sufi mbele ya vidole. Bibi Tekla alitoa shati jeupe la kwaya la mjukuu wake aliyekuwa Malinyi. Mzee Nkwabi akavua kofia yake nyeusi ya pama, akanivika mwenyewe, ikanifunika mpaka masikioni, naye akaniambia, "Ngosha, sasa umekuwa mwanamume. Imebaki kuvuka."

Asubuhi ya safari mama alinisimamisha mlangoni.

"Shati ulichunge na utomvu. Kofia uishike upepo ukija. Na viatu, Rafaeli, viatu visiguse maji hata tone. Nikimpelekea Damasi kiatu kilicholowa, nitamwomba shamba kwa mdomo gani?"

Safari ile ilikuwa ifanyike kiangazi kikiwa kikali, lakini ilisogezwa, ikasogezwa tena, mpaka tukaenda mawingu yakiwa yameanza kulala juu ya milima. Kwetu bondeni jua lilikuwa kali na mbingu safi. Tulitembea kwa mistari miwili juu ya mchanga, viatu vya Damasi vikilia kwa kila hatua, na watu waliokuwa wakitayarisha mashamba kando ya mto waliinua migongo kututazama. Mama alikuwa miongoni mwao. Hakunipungia mkono. Aliangalia miguu yangu.

Kwenye kivuko nilivua viatu, nikavifunga kamba pamoja na kuvitia shingoni. Maji yalikuwa ya vifundoni tu. Nisiseme uongo, nilivuka nimefumba macho, nimeshika mkanda wa Otmari kwa nguvu hata suruali yake ikashuka, naye akanitukana kwa sauti ya chini njia nzima ili mwalimu asisikie. Lakini nilivuka. Nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama juu ya mchanga wa kisiwa. Walisema sitafika, nami nimefika.

Toka pale mchangani mpaka Ngome palikuwa na kimteremko chenye tope jeusi la kunata. Kwa hiyo watu wetu walikuwa na desturi yao. Pale mchangani wavuvi walikuwa wamesimamisha nguzo za kuanikia nyavu, na kila aliyekuja kisiwani alitundika viatu vyake kwenye nguzo hizo, akapanda miguu mitupu, akavikuta akirudi. Hakuna aliyewahi kuiba. Ungeacha hata redio pale. Watoto wakatundika kandambili zao, nami nikatundika viatu vya Damasi kwenye nguzo ya mwisho, juu kabisa mkono wangu ulipofika, vikavu, havijaguswa na tone. Niliona nimemtii mama kuliko mtoto yeyote duniani. Kosa la namna hiyo angeweza kulifanya mtu wa kwetu tu, maana desturi ile ilikuwa inatulinda na wezi, na sisi tulishasahau kwamba kuna kingine chochote cha kulindwa nacho.

Ngome kwa ndani ilinuka popo na mawe baridi. Mizizi ya mkuyu ilikuwa imepenya ukutani na kushuka kama kamba za kengele. Palikuwa na matundu membamba ya kutolea bunduki, na tulichungulia humo kwa zamu tukijifanya tunawapiga risasi kanga. Leo, kwa macho ya fundi mwenye cheti, nawaambia ile ilikuwa kazi ya watu wanaojua: chokaa iliyochujwa, mchanga uliooshwa, mawe yaliyolazwa kwa kupishana. Siku ile nilijua tu kwamba ukuta ulikuwa na joto la jua chini ya nyayo zangu niliposimama juu yake. Nilimpa Otmari kofia anishikie, nikafungua karatasi, nikasoma. Nilisoma vizuri. Mwalimu Ndosi alikuwa ametazama juu akitabasamu, na nilikuwa nimefika pale panaposema kuhusu unene wa kuta, nilipoinua macho kutafuta pumzi nikaona mto.

Ulikuwa umebadilika rangi. Asubuhi ulikuwa wa kijani, sasa ulikuwa kama chai, unabeba mapovu na mabua, na hakukuwa na mkono mdogo wa maji tena, kulikuwa na mto mmoja tu mpana. Mvua ilikuwa imenyesha kule milimani ambako hatukuiona.

"Maji!" nikapiga kelele.

"Maji gani?" akauliza mwalimu. "Mbona hakuna mvua?"

Watoto wenzangu hawakuhangaika. Mtoto wa mtoni anajua maji yakipanda unakaa juu, unangoja mtumbwi, na Ngome haikuwahi kuzama tangu ijengwe. Walipanda ukutani kutazama, wakaanza kushangilia kandambili zao zilizokuwa zimeng'oka na kuanza safari ya kwenda Rufiji. "Ile yangu inaongoza!" mmoja alisema. Mwalimu akawa anatuhesabu, akakosea, akaanza upya.

Mimi nilikuwa natazama nguzo ya mwisho. Viatu bado vilikuwa vinaning'inia. Maji yalikuwa yamebakiza kiasi cha mkono mmoja kuvifikia.

Sikuwaza juu ya mto. Hilo ndilo linalonishangaza hata leo. Niliwaza mama amesimama mbele ya Damasi, na Damasi anatazama kando. Nilishuka ukutani, nikapita katikati ya watoto, nikateleza topeni kwa makalio, nikaingia majini. Nilisikia jina langu likiitwa nyuma. Maji yalikuwa magotini, kisha kiunoni, ya baridi ya ajabu, maji ya milimani. Nilikwenda kutoka nguzo moja hadi nyingine mpaka nikaifikia ile ya mwisho. Nikavichomoa viatu, nikavitia shingoni. Nilipogeuka kurudi, mguu wangu ulikanyaga mahali ambapo mchanga ulikuwa umeshachotwa, na haukukuta kitu.

Niliikumbatia nguzo. Nilizungusha mikono na miguu, nikafunga vidole, nikaweka shavu kwenye mti wake wenye magamba ya samaki. Maji yalikuwa kifuani yakivuta shati la kwaya kwa nyuma kama mtu anayeniita. Mwalimu Ndosi alikuwa ameingia majini mpaka mapajani, naye alikuwa mtu wa milimani asiyejua kuogelea hata kidogo. Wanafunzi walikuwa wamemng'ang'ania shati wasimwache aende. Walinipigia kelele nishike. Hapakuwa na haja ya kuniambia. Nguzo ilikuwa inatikisika.

Ndipo nilipoona mtumbwi. Alikuwa mama. Alikuwa ameona mapovu kutoka shambani kabla yetu, akachukua mtumbwi wa kwanza aliouona umefungwa ukingoni, na alikuwa amesimama nyuma, khanga imefungwa kiunoni, akisukuma kwa pondo kwa nguvu ambazo sikujua kwamba anazo. Aliuleta mtumbwi ubavuni mwa nguzo, akalichomeka pondo mchangani, akalibana kwa paja lake. Alikuwa karibu hata nikasikia anavyohema.

Nilingoja aseme mwanangu.

"Viatu vya Damasi viko wapi?"

Nilizidi kuikumbatia nguzo.

"Rafaeli. Nakuuliza, viatu vya watu viko wapi?"

"Shingoni."

"Nipe."

"Mama, siwezi."

"Vitaloana vyote. Toa mkono mmoja unipe."

Niliachia mkono mmoja. Nilivivuta viatu juu ya kichwa changu, kamba ikakwama sikioni, ikatoka. Akakishika kimoja. Kingine kikabaki kinaning'inia kati yetu, kamba imekazana.

"Hicho kingine kishike," akasema, kwa sauti ile ile aliyonitumia kuniagiza chumvi. "Kishike kwa mikono yote miwili, kisije kikaanguka."

Nikakishika kwa mikono yote miwili.

Sijui vizuri kilichofuata. Najua ukosi wa shati ulinikaba, kifungo kikaruka, na nikajikuta nimelala ndani ya mtumbwi, natapika juu ya kata ya kukumbia maji. Mama alikuwa ameshika pondo tena. Viatu aliviweka mbele, juu ya kitambaa chake cha kichwa, pakavu. Mimi aliniacha pale chini nilipoangukia. Aliniambia neno moja tu, "Kaa katikati," na akatupeleka ukingoni bila kunitazama. Kisha akageuza mtumbwi kurudi kuwachukua wenzangu, na mitumbwi mingine ikaja, na kabla jua halijashuka darasa lote lilikuwa nyumbani, pamoja na mwalimu, aliyevuka akiwa amekaa katikati kama mimi.

Nilifurahi kuwa hai, sana. Msinielewe vibaya. Lakini kwa miaka mingi lilikuwepo jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliamini kwamba siku ile, kati yangu na viatu, mama alianza na viatu. Sikumchukia. Hata nilimwelewa, kwa namna ya mtoto: viatu vilikuwa vya watu, mimi nilikuwa wa bure. Nilikwenda sekondari na jambo hilo, nikaenda chuoni nalo, na nadhani sehemu ya jasho langu lote ilikuwa ni kutaka niwe kitu ambacho mtu angekiuliza kwanza.

Nikaja kuelewa Mbeya, mwaka wangu wa pili kazini, tukijenga jengo la ghorofa. Kijana mmoja fundi aliganda juu ya jukwaa. Alikuwa ametazama chini, basi, akaukumbatia mrunda, mti wa jukwaa, na hakushuka tena. Mafundi wakamwambia asiogope, akazidi kukaza. Wakamwambia aachie, akafumba macho. Nikapanda mimi. Nilipomfikia niliona vidole vyake vilivyokakamaa na kile kifaa cha kupimia usawa wa ukuta kiunoni mwake, na kabla sijafikiri chochote mdomo wangu ukasema, kwa ukali kidogo, "Hiyo pima maji uliyoichomeka kiunoni ni ya kampuni. Nipe." Akaachia mkono mmoja. "Shika upande huo kwa mikono miwili, isije ikavunjika." Akashika. Nikamkamata.

Tulipofika chini watu walinipongeza, nami, ambaye sijawahi kukimbia sifa, niliondoka. Nilikwenda nyuma ya mifuko ya saruji, nikakaa chini. Mtu aliyeganda huwezi kumwambia aachie. Unampa kitu kingine cha kushika. Mama, aliyeishia darasa la nne, aliyekuwa amesimama kwenye mtumbwi usiotulia na mwanawe kwenye nguzo inayotikisika, aliweza kuifanya sauti yake iwe ya kuagiza chumvi.

Nilipokuja likizo nilimuuliza. Alikuwa anapepeta mchele.

"Ningekuita mwanangu tungelia wote wawili," akasema. "Na nguzo isingetungoja." Akapepeta. "Lakini na viatu navyo nilivitaka."

Sasa niwamalizie siku iliyofuata ile ya mto, maana ndiyo siku niliyorudisha kila kitu kwa kila aliyeniazima.

Mama hakulala vizuri. Alikuwa amefua shati na kulikausha kwa moto wa mbali, akashona kifungo alichokitoa kwenye gauni lake. Viatu vililowa kidogo tu, kwa maji ya mto yaliyorukia. Alivifuta, akavipaka mafuta na masizi ya sufuria, akavisugua mpaka vikang'aa. Kisha akaniambia nivae vyote tena, kuanzia kofia ambayo Otmari aliileta salama, nimfuate. Nitarudisha mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya wenyewe.

Tulianza kwa Bibi Tekla. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Nimesikia ulikuwa unanifulia shati mtoni."

Nilivua shati nikampa. Alilipeleka kwenye mwanga, akagusa kifungo kimoja kimoja, akafika kwenye kile kigeni. Mama alikuwa anaangalia ardhi.

"Hiki si changu," akasema Bibi Tekla. Halafu: "Ni kizuri kuliko vyangu. Mama Rafaeli, mbegu utachukua lini? Maana panya hawangoji mtu aone haya."

Mama alifungua mdomo kuomba kitu alichokwisha kupewa, akaufunga. Nilimsikia akishusha pumzi, pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Damasi alikuwa anajiandaa kwenda stesheni. Alivigeuza viatu juu chini, akavinusa ndani, akatoa sufi iliyolowa.

"Vimenuka kambale," akasema.

"Nisamehe, kaka Damasi," mama akaanza, "tutavirudia tena kwa—"

"Acha vinuke. Jumapili nitawaambia kanisani hivi ndivyo vilivyofika Ngome. Mimi mwenyewe sijawahi kuvipeleka mbali hivyo." Akanipiga konzi ndogo kichwani. "Na lile shamba la juu, Mama Rafaeli, kuna mtu analililia, nimemwambia lina mwenyewe. Sasa usinifanye mwongo."

Watu hawa walikuwa wamenicheka, na walikuwa wamenivika. Nikiwa mtoto nilidhani ni mambo mawili.

Mzee Nkwabi tulimkuta zizini. Nilivua kofia, nikampa kwa mikono miwili, kichwa changu kikasikia upepo.

"Wanasema uliogelea."

"Sikuogelea, mzee. Nilishika nguzo."

"Hm. Lakini aliyekuingiza majini ni nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi," akasema, akaivaa kofia. "Kushika nguzo ni mambo ya baadaye." Akamgeukia mama, akamwonyesha maksai wawili kwa fimbo, mwekundu na mwenye baka, akamwambia achague siku ya kulima, mradi isiwe ya mnada.

Tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimebaki na kaptula yangu kuukuu, kifua wazi, vumbi miguuni. Mama alikuwa ameacha maharage motoni na alitembea haraka, lakini tulipofika mlangoni alisimama, akageuka.

"Vyote umerudisha?"

"Vyote."

"Hakuna cha mtu kilichobaki?"

"Hakuna, mama."

Alinitazama, kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama Bibi Tekla alivyolitazama shati.

"Basi kilichobaki hapa ni changu," akasema, na akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu hata nikakosa pumzi, akawa anasema mwanangu, mwanangu, mara nyingi, kama mtu aliyekuwa ameyaweka maneno hayo pembeni tangu jana. Tulikaa hivyo mlangoni. Maharage yaliungua. Tulisikia harufu yake wote wawili, na hakuna aliyeachia.